Kucheza Jumapili, kurudi uwanjani Alhamisi: majeraha ya NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) chanzo ni ratiba au kuna kingine?

#1 Kipanga wa Kaskazini (Minneapolis, Ijumaa 24 Oktoba 2025)
Wakuu salaam. Jana usiku Vikings wamepigwa 37-10 na Chargers kule Los Angeles, na hadi naandika hapa sijalala. Matokeo nimeshayameza. Kilichoninyima usingizi ni kwotabeki wetu (mrusha mipira anayeongoza mashambulizi), Carson Wentz.

Kwa wasiofuatilia: bega la kushoto aliliumiza London tarehe 5 Oktoba tulipocheza na Browns. Ikaja wiki ya mapumziko. Jumapili ya tarehe 19 akacheza hapa nyumbani dhidi ya Eagles. Siku nne tu baadaye wamempandisha ndege hadi California, akapangwa tena. Kila akiangushwa anainuka na mkono wa kushoto ameubana kifuani kama amebeba mtoto mchanga. Kamera ikamfuata hadi kwenye benchi, uso umekunjamana, watu wawili wanamshughulikia. Halafu anarudishwa! Mwishoni kabisa, mechi imeshakufa, ndipo akaingizwa kijana Max Brosmer.

Hoja yangu iko wazi. Timu iliyocheza Jumapili isipangiwe mechi Alhamisi inayofuata. Mwili wa mtu haujirekebishi kwa siku nne baada ya kugongwa na majitu ya kilo 130. Anayepinga aje na sababu.

#2 Mla Korosho
Nimekaa, naendelea kusoma.

#3 Zamu ya Usiku (Nairobi)
Mkuu Kipanga pole. Sisi huku hiyo mechi ilianza saa tisa na robo usiku wa kuamkia Ijumaa. Mimi ni mlinzi kwenye jengo moja mjini, niliangalia kwa simu hadi robo ya tatu. Pale alipoangushwa nikajua huyu hatamaliza.

Swali la mgeni: hizi mechi za Alhamisi zilianza lini? Nilidhani futiboli yao ni ya Jumapili.

#4 Jicho la Takwimu (Dar es Salaam)
#3, zilianza kwa mpangilio wa kudumu mwaka 2006, chache tu za mwisho wa msimu, kwenye chaneli ya ligi yenyewe. Mwaka 2012 zikatanuliwa kwa karibu msimu mzima. Tangu 2022 Amazon ndiyo inazionyesha, na mkataba wake unakadiriwa kuwa dola bilioni 1 hivi kwa mwaka. Mwaka 2023 wamiliki wa timu wakapitisha kwamba timu moja inaweza kupangiwa Alhamisi za mapumziko mafupi mara mbili kwa msimu badala ya moja.

Sasa kwako mleta mada. Umesema mwenyewe kwamba bega aliliumiza London. Hiyo ilikuwa Jumapili, na Jumapili iliyotangulia walicheza pia, yaani siku 7 kamili. Alhamisi haikumuumiza. Isitoshe, anayecheza Alhamisi anapata siku 10 kabla ya mechi inayofuata. Na ligi imekuwa ikisema miaka yote kwamba kiwango cha majeraha ya Alhamisi hakizidi cha Jumapili. Unapinga kwa hisia au kwa hesabu?

#5 Kipanga wa Kaskazini
Jicho, nisome vizuri. Sijasema Alhamisi ilimvunja bega. Nimesema ilimnyima siku tatu ambazo angezitumia kupona, au daktari angezitumia kugundua kwamba hafai kucheza. Na hiyo Jumapili iliyotangulia London walikuwa Dublin! Dublin tarehe 28 Septemba na Steelers, London tarehe 5 Oktoba na Browns. Hakuna timu iliyowahi kupangiwa nchi mbili tofauti za ng'ambo kwa wiki mbili mfululizo kabla ya Vikings. Siku saba za hotelini, kitanda cha kukodi, uwanja wa mazoezi wa kuazima. Hizo nazo unazihesabu sawa na siku saba za nyumbani?

Halafu ligi kujipima yenyewe na kutangaza imefaulu, mimi hainitoshi.

#6 Zamu ya Usiku
Za Dublin na London ndizo nilizozipenda mimi, saa kumi na nusu jioni, tunaangalia kama watu wa heshima.

#7 Fizio wa Temeke
Nichangie kidogo kwa upande wa mwili, maana ndiyo kazi yangu.

Misuli ikigongwa au ikifanyishwa kazi nzito, maumivu hayafiki kileleni siku ile ile. Kilele ni kati ya saa 24 na 72. Aliyecheza Jumapili anaumia zaidi Jumatatu usiku, Jumanne, hadi Jumatano. Katika wiki ya kawaida, Jumatano ndiyo anaanza mazoezi mepesi na mwili unafunguka. Katika wiki ya Alhamisi, Jumatano yuko kwenye ndege, magoti yamekunjwa. Hapo nakubaliana na mleta mada asilimia zote.

Ila bega ni kitu kingine. Kano na ile gegedu inayozunguka kikombe cha bega hazijui Alhamisi wala Jumapili. Zinataka wiki kadhaa, wakati mwingine upasuaji na miezi. Nina mgonjwa wangu mmoja, dereva wa bodaboda, bega lilichomoka likarudishwa, nikamwambia wiki sita asishike usukani. Wiki ya pili nikamkuta barabarani, mkono wa kushoto ameuweka pajani, anaendesha kwa mmoja. Nilipomsimamisha akaniambia, "Daktari, marejesho ya pikipiki hayasubiri bega." Sasa huyo ratiba yake nani aliipanga?

Nataka kusema hivi: siku nne ni chache kwa misuli, na hata saba zingekuwa chache kwa bega la Wentz. Swali ni nani alimruhusu.

#8 Raga wa Nakuru
Fizio umenena. Lakini mnaruka kitu kikubwa: nyasi bandia. Mimi nimecheza raga miaka tisa. Kwenye nyasi za kweli, njumu ikishika sana udongo unaachia, unaondoka na kipande cha nyasi. Kwenye zulia njumu inang'ang'ania, mguu unabaki, goti linaendelea na safari.

Mwaka 2020 JC Tretter, aliyekuwa rais wa chama cha wachezaji, alitoa takwimu za ligi za 2012 hadi 2018: kwenye nyasi bandia majeraha ya miguu yasiyotokana na kugongwa yalikuwa juu kwa asilimia 28, ya goti asilimia 32, ya kifundo na unyayo asilimia 69. Septemba mwaka huo 49ers wakaenda uwanja wa MetLife kucheza na Jets, wakawapoteza Nick Bosa na Solomon Thomas mechi moja, wote kano ya goti. Mwaka 2023 uwanja ule ule Aaron Rodgers akakatika kano ya kisigino mpira ulipochezwa kwa mara ya nne tu akiwa uwanjani, katika mechi yake ya kwanza ya ligi na Jets. Uwanja wa SoFi alikochezea Wentz jana pia ni zulia. Kwa hiyo ratiba ni kisingizio, chanzo kiko chini ya miguu yao.

#9 Jicho la Takwimu
Raga, takwimu za Tretter ni za kweli, na ligi ilizijibu kwamba miaka iliyofuata pengo lilipungua na kuna msimu halikuonekana. Rodgers naye alikuwa na miaka 39, ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu, kapumzika miezi. Ukitaka kumtumia kama shahidi wa nyasi, kuna atakayemtumia kama shahidi wa umri.

Na bega la Wentz linahusiana vipi na njumu? Aliangukia bega.

#10 Raga wa Nakuru
Kuangukia zulia lenye zege chini yake ni tofauti na kuangukia udongo. Njoo Nakuru nikuangushe mara mbili, pande zote mbili, uandike takwimu zako mwenyewe.

#11 Mla Korosho
Jicho usiende 😂

#12 Binti Mnazi (Houston)
Habari zenu. Mimi nitasema nilichokiona.

Krismasi ya mwaka jana, 2024, ilikuwa Jumatano. Ligi ikauza mechi mbili kwa Netflix, moja hapa Houston, Texans na Ravens. Timu zote nne zilizocheza siku hiyo zilikuwa zimecheza Jumamosi ya tarehe 21. Ukihesabu tangu Jumapili ya tarehe 15, ni mechi tatu ndani ya siku 11.

Nilikuwa nauza vinywaji ngazi ya chini, siku hiyo walitulipa vizuri sababu ya sikukuu. Watu walijaa, wengine walikuja kwa ajili ya Beyoncé wa mapumziko, hilo sifichi. Lakini nilichokumbuka mimi ni jezi namba 3. Tank Dell, mpokeaji mipira wa Texans, mvulana mdogo wa umbo ambaye mji huu unampenda, alikuwa ameumia goti vibaya sana siku nne kabla, kule Kansas City. Baba mmoja alikuja na binti yake wa miaka kama sita, wote namba 3, mtoto ameandika nyuma ya boksi la piza kwa kalamu nene: PONA TANK. Alilishikilia mechi nzima. Texans walipigwa 31-2 na uwanja ulianza kuondoka mapema, yule mtoto akawa bado amelinyanyua.

Wachezaji wenzake walimwona akilia Jumamosi, Jumatano wakatakiwa wavae. Mnazungumzia misuli tu, je, kichwa na moyo vinapona siku ngapi?

#13 Jicho la Takwimu
Dada Binti, pole, na hilo la mwisho sina jibu. Ila kwa kumbukumbu za uzi: Dell aliumia Arrowhead, uwanja wa Kansas City, na Arrowhead ni nyasi za kweli. Aligongana na mwenzake wa timu hiyo hiyo wakati anafunga. Raga, hilo unaliweka wapi?

#14 Al-Maskati
Hata yule Damar Hamlin wa Buffalo aliyeanguka moyo ukasimama, si ilikuwa haya haya ya mechi kubanana?

#15 Fizio wa Temeke
Hapana, sheikh. Ile ilikuwa Jumatatu, tarehe 2 Januari 2023, kule Cincinnati. Waliocheza Jumatatu walikuwa na siku nyingi zaidi za kupumzika. Alipigwa kifuani katika sehemu ndogo mno ya pigo la moyo, sekunde iliyogawanywa vipande vipande, na mapigo yakavurugika. Hutokea hata kwa mtoto anayepigwa na mpira wa besiboli. Kilichomwokoa ni watu wa huduma ya kwanza kuanza kumkandamiza kifua pale pale. Msimu uliofuata alirudi uwanjani. Hiyo usiitie kwenye kapu la ratiba.

#16 Al-Maskati
Shukran, nimesahihishika.

#17 Kocha Mstaafu
Vijana, mimi nina mtazamo ambao hamtaupenda. Miili imezoeshwa ulaini.

Mwaka 2011 wamiliki waliwafungia wachezaji milango kwa miezi, mazoezi ya pamoja hakuna. Walipofungua kambi, kano za kisigino 10 zilikatika ndani ya siku 12 za mwanzo. Kumi! Mkataba uliopatikana mwaka ule ukaweka kikomo cha mazoezi 14 tu ya kuvaa pedi kwa msimu mzima, na mazoezi ya kugongana mara mbili kwa siku yakafutwa. Mwaka 2021 mechi za kujiandaa zikapunguzwa kutoka nne hadi tatu, na nyota wengi hata hizo hawachezi. Halafu mtu anatoka kwenye kivuli anaingia kwenye moto wa Septemba, tunashangaa anaungua.

Ongeza idadi. Tangu 1978 zilikuwa mechi 16. Sasa ni 18.

#18 Jicho la Takwimu
Ni mechi 17, Mzee wangu, zinazochezwa ndani ya wiki 18. Hiyo 18 ndiyo kamishna Roger Goodell anayoitamani.

Na hiyo ya 17 haikuletwa na wamiliki peke yao. Wachezaji waliipigia kura Machi 2020: 1,019 wakakubali, 959 wakakataa. Tofauti ya kura 60. Walipata nyongeza ya mgawo wa mapato, pensheni na mishahara ya chini. Mtu mzima akiuza jasho lake kwa bei aliyoiona, tunamlilia nini?

#19 Kipanga wa Kaskazini
Jicho, hao 959 nao wanacheza hiyo ya 17. Na wengi wa hao 1,019 hawakuwa na mkataba wa kumtambia mtu. Mwangalie Wentz mwenyewe. Timu ya sita katika miaka sita. Alisajiliwa Agosti kwa mwaka mmoja, akapata nafasi sababu kijana J.J. McCarthy alitegua kifundo. Mtu wa namna hiyo akiulizwa "unaweza?" atasema nini? Yule bodaboda wa Fizio ndiye huyu huyu.

#20 Mama Baraka (Iowa)
Jambo kwenu wote. Mie ni wa Goma, tuko Iowa mwaka wa nane. Mpira huu sikuujua, nimeujua kwa mtoto.

Mtoto wangu wa pili ana miaka 16. Jumatatu huchezea kikosi cha wadogo, Ijumaa usiku anavaa na kikosi cha kwanza. Kwa hiyo hizo siku nne zenu ninazijua, ziko nyumbani kwangu. Mwezi uliopita Jumatatu aligongwa, akainuka akayumba hatua mbili, akasema mguu uliteleza. Kocha akamwuliza, akajibu yuko sawa. Mimi nilikuwa kazini. Asubuhi niko naye mezani kabla ya basi la shule. Anamimina maziwa. Anayamimina pembeni ya kikombe, mezani, na anaendelea kumimina, ananitazama na kuniuliza kama dada yake ameamka. Maziwa yakashuka hadi kwenye viatu vyake. Hakuona.

Nilimpeleka hospitali kwa miguu yangu inayotetemeka. Mtikisiko wa ubongo. Daktari akasema Ijumaa asikaribie uwanja, na Ijumaa ya pili vilevile. Mtoto alilia, si kwa kichwa, alilia sababu ya Ijumaa. Aliniambia, "Mama, nikikosa hii, namba yangu anapewa mwingine."

Baadaye ndugu yangu akanionyesha ile ya Tua, kwotabeki wa Miami.

#21 Fizio wa Temeke
Mama Baraka, umefanya sahihi kabisa. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndilo tunaloliogopa kuliko yote, hasa kwa umri wake. Asirudi hadi daktari aandike kwa mkono wake, hata akisema kichwa hakiumi.

#22 Kipanga wa Kaskazini
Mama, pole sana. Tua Tagovailoa nilitaka kumtaja mwanzo nikasita. Jumapili tarehe 25 Septemba 2022 aligonga kichwa dhidi ya Bills, akainuka akayumba kila mtu akaona. Ikasemwa ni mgongo, akarudi kipindi cha pili. Alhamisi tarehe 29, Cincinnati, akaangushwa, vidole vikakakamaa mbele ya uso wake, akatolewa kwa machela. Daktari huru aliyempima Jumapili ile akaondolewa, na Oktoba wakabadilisha kanuni: mchezaji akipoteza mwelekeo wa mwili, harudi tena siku hiyo, isemwe ni mgongo au ni nini. Siku nne, Jicho. Ingekuwa saba, huenda kuna mtu angesimama akasema hapana.

#23 Jicho la Takwimu
Kwa Tua nakubali, nimenyoosha mikono. Kosa la Jumapili lilikosa muda wa kusahihishwa. Mama Baraka, tunamwombea kijana.

#24 Raga wa Nakuru
Kuna na Richard Sherman, aliyekuwa beki wa Seattle Seahawks. Desemba 2016 aliandika makala kuzishambulia mechi za Alhamisi, kwamba ligi haiwezi kudai inajali afya ya wachezaji huku ikizipanga. Novemba 9, 2017, Alhamisi, kule Arizona, kano yake ya kisigino ikakatika.

#25 Mla Korosho
Kama Rodri wa Man City. Septemba 2024 kasema wachezaji wako karibu kugoma kwa wingi wa mechi, siku chache baadaye goti limekwenda dhidi ya Arsenal.

#26 Zamu ya Usiku
Na huko kwenu Bongo viporo vinavyochezwa kila baada ya siku mbili hamvisemi?

#27 Mla Korosho
Hivyo tuachie wenyewe, usituharibie uzi wa watu.

#28 Kocha Mstaafu
Kabla hamjahama: Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akaenda Colts mwaka 2013, akacheza. Raga hawavai helmeti wala mapedi, na mechi yao wanacheza mara moja kwa wiki. Mimi huamini helmeti ndiyo iliyowafanya hawa wagongane kwa kichwa. Mtu akijua fuvu liko wazi analilinda.

#29 Raga wa Nakuru
Nusu kweli, Kocha. Raga nayo ina wachezaji wastaafu walio mahakamani kwa sababu ya ubongo. Fuvu liwe wazi au limefunikwa, ubongo unaelea ndani, ukigonga ukuta umegonga.

#30 Binti Mnazi
Na mnajua viwanja vya zulia vitakavyotumika Kombe la Dunia mwakani vinawekewa nyasi za kweli? MetLife kwenyewe fainali itachezwa kwenye nyasi, hapa Houston pia. FIFA ikidai inawezekana. Wachezaji wa humu humu wameomba miaka mingapi?

#31 Raga wa Nakuru
ASANTE. Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naitafuta tangu #8.

#32 Kipanga wa Kaskazini (Jumatatu 27 Oktoba)
Taarifa: Vikings wametangaza leo. Wentz anafanyiwa upasuaji wa bega, msimu umeisha. McCarthy anarudi Jumapili dhidi ya Lions, Detroit.

#33 Fizio wa Temeke
Kwa hiyo Alhamisi alikuwa anacheza na bega la kupasuliwa.

#34 Jicho la Takwimu
Kocha wao Kevin O'Connell anasema madaktari walimruhusu na mwenyewe alitaka. Sijui nimlaumu nani, na siku tatu zilizopita nilijua.

#35 Mama Baraka
Wangu ameanza kutembea uwanjani, kukimbia bado. Jana alimimina chai, nikamwangalia mkono hadi kikombe kikajaa. Akaniuliza, "Mama, unaangalia nini?"

#36 Zamu ya Usiku
Mungu amsimamie, Mama.
Kipanga, hiyo ya Lions ni saa ngapi huku? Niko zamu.

#37 Kipanga wa Kaskazini
Saa tatu usiku kwenu, sio saa mbili. Jumapili hiyo hiyo sisi tunarudisha saa nyuma.